Taka za kielektroniki: Shaba inauzwa, sumu inabaki Singida

Kila mji wa mkoa wa Singida, kuanzia Manispaa hadi Manyoni, Itigi, Ikungi, Kiomboi na Nduguti, una fundi simu, una muuza betri na una mnunuzi wa vyuma chakavu. Watu hawa watatu ndio wanaoshika sehemu kubwa ya safari ya simu, redio, luninga au taa ya sola baada ya kuharibika. Kinachokosekana ni mtu wa nne: wa kupokea kile ambacho fundi hakihitaji tena na mnunuzi wa vyuma hakitaki. Kwa kuwa mtu huyo hayupo, mabaki yanaishia jalalani, kwenye korongo, shimoni nyuma ya nyumba, au kwenye moto.

Katika makala haya tunaeleza taka hizo ni zipi, zina sumu gani, zinaingiaje kwenye chakula na maji yetu, sheria ya nchi inasema nini, na nini kinaweza kufanyika hapa mkoani bila kusubiri kiwanda kikubwa kijengwe.

Taka za kielektroniki ni zipi?

Ni kifaa chochote kinachotumia umeme au betri ambacho mwenyewe ameacha kukitumia na hana mpango nacho tena. Simu, chaja, redio, kompyuta, king'amuzi, pasi, friji, taa, tochi, paneli ya sola na betri yake, vyote vimo. Hata vifaa vya kuchezea watoto vinavyowaka taa na kupiga kelele vimo.

Dunia nzima ilizalisha tani milioni 62 za taka hizi katika mwaka 2022, kwa mujibu wa ripoti iliyotolewa mwaka 2024 na mashirika ya Umoja wa Mataifa, likiwemo Shirika la Kimataifa la Mawasiliano (ITU). Kati ya hizo, asilimia 22.3 tu ndizo zilizothibitishwa kukusanywa na kurejelezwa kwa utaratibu unaofaa. Kwa Afrika hali ni mbaya zaidi: chini ya asilimia 1. Mwafrika mmoja anazalisha wastani wa kilo 2.5 kwa mwaka, kiasi kidogo sana ukilinganisha na mtu wa Ulaya, lakini karibu zote zinaishia mikononi mwa watu wasio na kinga wala mafunzo.

Zimetufikiaje?

Zimekuja pamoja na mambo mema. Wakala wa Nishati Vijijini (REA) ulianza kazi mwaka 2007, na tangu hapo nguzo za umeme zimefika vijiji ambavyo zamani vilijua kibatari tu. Mahali ambapo nguzo hazikutangulia, sola ilitangulia. Laini za simu nchini zimeshavuka milioni 80, wakati sensa ya mwaka 2022 ilihesabu Watanzania zaidi ya milioni 61, na katika hao zaidi ya milioni 2 ni wa mkoa wa Singida.

Yapo pia maamuzi ya kitaifa ambayo, kwa sababu nzuri kabisa, yaliacha vifaa vingi bila kazi. Juni 2016 Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) ilizima simu feki nchi nzima. Lengo lilikuwa kumlinda mtumiaji na kudhibiti wizi. Lakini simu ikizimwa haitoweki. Kabla ya hapo, kuanzia Desemba 31, 2012, mitambo ya luninga ya analojia ilianza kuzimwa Dar es Salaam na baadaye mikoa mingine. Ving'amuzi viliziokoa TV za chogo kwa muda, hadi zile bapa zilipopungua bei. Leo TV ya chogo haina mnunuzi. Imekaa stoo, au imegeuzwa meza ya kuwekea TV mpya. Kioo chake peke yake kinaweza kuwa na zaidi ya kilo moja ya risasi.

Tuseme wazi kwamba fundi si adui katika habari hii. Fundi simu na fundi redio ndio wanaorefusha maisha ya vifaa. Simu ambayo nchi tajiri ingetupwa kwa kupasuka kioo, hapa inabadilishwa kioo, inahama kwa mdogo mtu, kisha inapelekwa kijijini kwa bibi. Hatua hiyo inapunguza taka kuliko kampeni yoyote. Shida inaanza pale kifaa kinapokuwa hakitengenezeki.

Ndani kuna nini?

Ndani ya kifaa kimoja kuna mali na sumu vikiwa vimebanana. Mali ni shaba, aluminiamu, chuma, fedha na dhahabu kidogo. Mkoa huu unaijua dhahabu: Sekenke, wilayani Iramba, ilichimbwa tangu enzi za Wajerumani. Tani moja ya mawe ya mgodi mara nyingi hutoa gramu chache tu za dhahabu. Tani moja ya simu za mkononi inaweza kutoa zaidi ya gramu 100. Ndiyo maana dunia ina wafanyabiashara wanaozitafuta bodi za simu kwa udi na uvumba.

Sumu nayo ni ya aina nyingi. Risasi imo kwenye betri za gari na za sola, kwenye kioo cha TV ya chogo na kwenye lehemu ya bodi za zamani. Zebaki imo kwenye taa za mirija. Kadimiamu imo kwenye baadhi ya betri za kuchaji za zamani. Plastiki za kava zimechanganywa na kemikali za kuzuia moto. Nyaya zimevikwa plastiki yenye klorini.

Kifaa kikiwa kizima, sumu hizi zimefungwa na hazimdhuru mtu anayepiga simu au kutazama mpira. Zinafunguka pale kifaa kinapopasuliwa, kinapochomwa, kinapolowekwa kwenye tindikali au kinapoachwa juani na mvuani miaka kwa miaka.

Shirika la Afya Duniani (WHO) limesema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama. Risasi inauhadaa mwili uidhanie ni kalisi, hivyo inawekwa akiba kwenye mifupa na meno. Mama mjamzito aliyeishi nayo utotoni anaweza kumpitishia mtoto aliye tumboni. Mtoto mdogo hufyonza risasi mara 4 hadi 5 zaidi ya mtu mzima kutoka kwenye kiasi kile kile alichomeza, na mtoto ndiye anayetambaa chini na kutia mkono mdomoni. Matokeo yake ni upungufu wa damu, maumivu ya tumbo, na hasa ubongo kutokua inavyotakiwa. Mzazi haoni jeraha. Anaona mtoto ambaye hashiki masomo, na huenda akamchapa kwa uvivu ambao si wake.

Moto wa nyaya na kuku wa kienyeji

Njia ya haraka ya kupata shaba ni kuchoma waya. Plastiki inaungua, shaba inabaki, inapelekwa kwenye mizani. Lakini plastiki ile yenye klorini inapoungua kwenye moto hafifu wa wazi, hutengeneza kemikali ziitwazo dioksini, na shaba yenyewe huchochea zitengenezeke kwa wingi. Dioksini ni katika sumu kali zinazojulikana: zinasababisha saratani, zinavuruga homoni na kudhoofisha kinga ya mwili. Hazioshwi na mvua kirahisi, wala haziishi kwa kupikwa. Zinakaa kwenye majivu na udongo kwa miaka.

Hapa ndipo Singida inapotakiwa kusikiliza kwa makini kuliko mikoa mingine. Mkoa wetu unajulikana nchi nzima kwa alizeti na kwa kuku wa kienyeji. Kuku wa Singida wanapanda basi hadi Dar es Salaam, na jina la mkoa ndilo linalowauza. Utamu wa kuku huyo unatokana na kutembea: anachakura, anaokota mdudu, anadonoa punje pamoja na udongo. Kuku anayechakura kwenye majivu ya nyaya anameza kilichomo. Dioksini zinapenda mafuta, hivyo hujikusanya kwenye mafuta ya kuku na kwenye kiini cha yai.

Hili si jambo la kubuni. Mwaka 2019 mashirika mawili ya mazingira, IPEN na Basel Action Network, yalitoa matokeo ya upimaji wa mayai ya kuku waliokuwa wakichakura Agbogbloshie, eneo la vyuma chakavu jijini Accra, Ghana, ambako nyaya zilikuwa zikichomwa kila siku. Ilionekana kwamba mtu mzima akila yai moja tu la kuku wa pale, anavuka mara 220 kiwango cha dioksini za klorini ambacho Mamlaka ya Usalama wa Chakula ya Ulaya inakiruhusu kwa siku.

Hatusemi kwamba mayai ya Singida yako hivyo. Agbogbloshie palikuwa mahali pakubwa mno, na serikali ya Ghana ilipavunja mwaka 2021. Tunachosema ni kwamba moto ni ule ule, plastiki ni ile ile na kuku ni yule yule. Tofauti ni wingi na muda, na vyote viwili vinaongezeka tusipochukua hatua. Soko lililojengwa na wafugaji kwa miaka mingi linaweza kuharibiwa na habari moja tu ya mayai yenye sumu.

Betri: somo kutoka Mombasa

Kwa mkoa wenye sola, bodaboda, bajaji na malori yanayopita barabara kuu ya kwenda kanda ya ziwa, betri ya risasi na tindikali ndiyo taka nzito kuliko zote. Betri ya sola inachoka baada ya miaka michache. Ikichoka, ina bei, kwa sababu risasi yake inayeyushwa na kutumika tena. Hiyo ni habari njema ikiwa inafika kiwandani ikiwa nzima. Ni habari mbaya ikiwa inapasuliwa kwa shoka uani, tindikali ikamwagwa chini na risasi ikayeyushwa kwenye sufuria.

Hata kiwanda chenye jina na geti kinaweza kuwa janga kikiendeshwa ovyo. Jirani zetu wa Owino Uhuru, mtaa wa watu wapatao 3,000 mjini Mombasa, waliishi ukuta kwa ukuta na kiwanda cha kuyeyusha betri. Kilianza mwaka 2007 na kikafungwa mwaka 2014. Mmoja wa waliokuwa wafanyakazi wake, Phyllis Omido, alianza kupaza sauti baada ya mwanawe aliyekuwa ananyonya kukutwa na risasi kwenye damu. Julai 2020 mahakama ya mazingira na ardhi mjini Mombasa iliamuru wakazi walipwe shilingi za Kenya bilioni 1.3. Uamuzi huo ukapingwa, ukatenguliwa na Mahakama ya Rufani mwaka 2023, kisha ukarejeshwa na Mahakama ya Juu ya Kenya Desemba 2024.

Hesabu miaka: tangu kiwanda kianze hadi neno la mwisho la mahakama ni miaka 17. Mtoto aliyezaliwa mwaka kile alikuwa amekaribia kuwa mtu mzima, na risasi iliyoingia mifupani mwake haikusubiri hukumu. Huko Thiaroye-sur-Mer, pembeni mwa Dakar nchini Senegal, watoto 18 walifariki kati ya mwaka 2007 na 2008 kutokana na sumu ya risasi katika eneo ambalo watu walikuwa wakipepeta udongo wa betri kutafuta chembe za kuuza. Familia nyingi hazikujua kwamba udongo ule ndio unaoua.

Maji yetu hayana pa kukimbilia

Singida ni mkoa mkame. Mji wa Singida unategemea visima virefu, vikiwemo vya Mwankoko na Irao, na vijiji vingi vinategemea visima vya pampu. Maziwa mawili yaliyomo mjini, Singidani na Kindai, ni ya maji ya chumvi na hayana mto unaotoka. Mvua ikileta kitu ziwani, maji yanapanda juu kama mvuke na kile kitu kinabaki. Mikoa yenye mito mikubwa angalau hujidanganya kwamba mto umebeba uchafu ukaenda nao. Sisi hata udanganyifu huo hatuna. Anayetupa betri korongoni Singida anaitupa mahali ambapo yeye na wanawe wataendelea kuwepo.

Sheria ipo, nani wa kupokea?

Tanzania haikosi sheria. Ipo Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, na mwaka 2021 zilitungwa kanuni mahsusi za kudhibiti taka za vifaa vya umeme na kielektroniki. Kanuni hizo zinamtaka anayekusanya, kusafirisha au kurejeleza taka hizi awe na kibali, na zinamwekea wajibu anayeleta bidhaa sokoni, si mtumiaji wa mwisho peke yake. Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira (NEMC) ndilo msimamizi.

Kimataifa nchi yetu ni mwanachama wa Mkataba wa Basel unaohusu usafirishaji wa taka za sumu, na wa Mkataba wa Bamako ambao Waafrika waliupitisha mwaka 1991 kuzuia bara hili lisigeuzwe jalala. Tangu Januari 1, 2025, marekebisho ya Mkataba wa Basel yanataka taka zote za kielektroniki, ziwe na sumu au zisiwe nayo, zisivuke mpaka bila nchi inayopokea kujulishwa na kukubali kwanza.

Sheria hizo zinashika bandarini na viwandani. Swali letu ni la umbali. Kutoka hapa hadi Dar es Salaam, ambako ndiko kwenye wakusanyaji wakubwa, ni takribani kilomita 700. Fundi wa Nduguti mwenye gunia la bodi na betri za simu hawezi kulipia nauli ya gunia hilo. Akilitupa, anavunja sheria. Akilitunza, linamjalia kibanda. Kumwambia asitupe bila kumwambia apeleke wapi ni kumpa mahubiri tu.

Wenzetu wa Rwanda wameanza kujibu swali hilo: wana kituo cha kubomoa na kurejeleza taka hizi wilayani Bugesera, kikihudumia nchi nzima. Rwanda ni ndogo na umbali wake ni mfupi. Kwa nchi yenye ukubwa wa Tanzania, jibu haliwezi kuwa kituo kimoja pwani.

Nini kifanyike hapa?

Kwa maoni yetu, mambo manne yanawezekana.

Kwanza, kila halmashauri itenge chumba kimoja chenye sakafu ya saruji, paa na kufuli, kiwe mahali pa kupokelea. Si kiwanda, ni stoo. Malori yanatoka Singida kila siku yakiwa na alizeti, vitunguu na mazao mengine. Mzigo wa taka ukishafikia tani, na mbebaji akiwa na kibali, gharama yake kwa kilo inakuwa ndogo. Gharama hiyo ndiyo ambayo waagizaji wa simu, luninga na betri wanapaswa kuchangia, maana kanuni za 2021 zimeshawataja.

Pili, mafundi wawe mawakala wa ukusanyaji. Watu tayari wanawaamini na tayari wanapeleka vifaa kwao. Fundi akilipwa kidogo kwa kila kilo ya bodi na betri zilizochoka, hatazitupa.

Tatu, wanunuzi wa vyuma chakavu wakatazwe kununua shaba iliyochomwa. Haihitaji maabara: shaba iliyochunwa kwa kisu inang'aa, iliyochomwa imesawijika na ina masizi. Tunajua kijana anachoma kwa sababu kuchuna kunachelewesha na yeye anataka hela ya leo. Lakini sokoni shaba safi ina daraja la juu kuliko iliyoungua. Mnunuzi akikataa moja na kulipa vizuri nyingine, moto utazimika bila mgambo kumkimbiza mtu.

Nne, ofisi za umma. Kompyuta, printa na betri za ofisini haziwezi kutupwa tu. Zina utaratibu wa kufutwa kwenye vitabu na mara nyingi kuuzwa kwa mnada. Mnunuzi wa mnada akishachukua chuma na shaba, yaliyobaki yanafuata njia ile ile ya korongoni. Halmashauri inaweza kuanza na nyumba yake kwa kuweka sharti kwamba vifaa vya kielektroniki vilivyokufa vinauzwa kwa mwenye kibali tu.

Wapo watakaosema halmashauri zina madawati, dawa na barabara za kuhangaikia, na taka hizi zisubiri. Tunauelewa ugumu wa bajeti. Lakini stoo na kufuli ni gharama ya leo inayojulikana. Kusafisha udongo wenye risasi, kubadili kisima na kumlea mtoto aliyeathirika ubongo ni gharama ambayo hakuna halmashauri yenye fungu lake.

Wewe msikilizaji, anza na haya

Usichome waya, kava la simu wala bodi, hata kama ni kidogo. Usipasue betri ya sola au ya pikipiki, wala kumwaga maji yake. Irudishe nzima kwa aliyekuuzia unaponunua mpya na udai ipunguzwe kwenye bei. Betri ya simu iliyovimba usiitoboe wala kuiacha juani, inaweza kulipuka moto. Iondoe kitandani na mbali na watoto. Taa ya mrija ikivunjika, fungua madirisha, watoto watoke, na uokote vipande kwa karatasi ngumu badala ya kufagia. Kuku na mbuzi wasifike penye majivu ya nyaya, na kama penye majivu hayo watoto wanacheza, wahamishe leo.

Vifaa vidogo vilivyokufa viweke pamoja kwenye ndoo yenye mfuniko, mahali pakavu. Na diwani wako akija kwenye mkutano wa kijiji au mtaa, simama umwulize swali moja: ndoo hii ikijaa, tuipeleke wapi?